Ko-Ko-Ko Mbele ya Gari: Kutengeneza Saspensheni ya Toyota 110 Uani Kwako

Mimi nilianza vibaya. Gari langu, Toyota 110 ya mwaka 1998, lilikuwa limeshika tabia ya kugonga mbele upande wa kushoto kila likivuka tuta. Ko-ko-ko. Bila kuuliza mtu nikaenda kununua shoki mbili mpya za mbele, nikashinda nazo Jumamosi kutwa uani kwangu Mamboleo, Kisumu, mikono ikachubuka, chai ya saa nne nikainywa saa tisa. Jumapili nikapanda nalo kuelekea Kiboswa. Tuta la kwanza: ko-ko-ko.

Fundi mmoja mzee wa Kibuye hakuhitaji hata jeki. Alikata usukani wote upande mmoja, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu, akashika kifimbo cha chuma kisichozidi unene wa kidole, akakitikisa. Ko-ko-ko.

"Mwalimu, sasa shoki ulinunua za nini?" akaniuliza. "Hii ni linki."

Linki ile haikufika sehemu ya kumi ya pesa nilizotoa kwa shoki. Kwa hiyo hapa tunaanza kwa mikono na masikio. Dukani tutaenda baadaye.

Ninazungumzia hasa Corolla AE110, iliyouzwa Japani kuanzia 1995 hadi 2000, pamoja na kaka yake AE100. Bado zimejaa barabara za huku, kuanzia Nakuru hadi Busia, kwa sababu spea zake hazikutafutishi na mafundi wanazijua hata gizani. Kama una Vitz, Fielder au Probox, sehemu ya mbele imejengwa kwa mtindo uleule, na mengi ya hapa yatakufaa.

Nani anafanya kazi gani

Springi ndiyo inayobeba gari. Shoki, au shokomzoba kama vitabu vinavyoiita, haibebi uzito huo. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda baada ya shimo. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na ugumu huo wa kupita ndio unaokula nguvu ya mdundo na kuigeuza joto. Shoki iliyomwaga mafuta yake imekwisha. Wapo wanaoitoboa, wakaijaza mafuta na kuichomelea. Shoki ya gesi ina shinikizo ndani, na mimi sisimami karibu na mtu anayeichomelea.

Mbele, springi imeizunguka shoki na viwili hivyo vimesimama wima kama nguzo moja. Juu nguzo hiyo imeshikwa na mauntingi, yaani raba nene yenye beringi, kwa nati tatu unazoziona ukifungua boneti. Chini imefungwa kwa bolti mbili kubwa kwenye nako, kile chuma kizito kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu) na breki. Nako nayo imekalia boljointi, kiungo chenye kichwa cha mviringo, iliyo mwishoni mwa mkono wa chini, na mkono huo umeungwa na mwili wa gari kwa bushi mbili za raba. Tairodi huleta amri ya usukani. Stablaiza ni ule mtalimbo unaovuka gari kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia ili lisilale kwenye kona, na linki ndizo zinazouunganisha na saspensheni ya kila gurudumu. Kuna magari ya toleo la bei ya chini yasiyo na stablaiza kabisa. Chungulia kwanza usije ukatafuta linki ambayo haipo.

Kusikiliza na kupima

Tafuta barabara tulivu yenye vijishimo vidogo, zima redio, shusha vioo, nenda polepole. Mgongo wa murami wenye mawimbi ndio unaofaa zaidi.

Ko-ko-ko nyepesi, ya haraka, inayotokea kwenye vijishimo vidogo mfululizo, mara nyingi ni linki. Mlio mmoja mzito, du, unapokanyaga breki au unapoondoka, mshuku bushi ya mkono. Ukikata usukani gari likiwa limesimama na ukasikia twang kama waya wa gitaa, hiyo ni beringi ya mauntingi iliyokwama. Springi hujikunja, kisha hujiachia kwa ghafla. Weka kiganja kwenye springi huku mtu akizungusha usukani, nawe utaihisi ikiruka mkononi. Chunga tu vidole visiingie kati ya mizunguko. Gari likivuka tuta na kuendelea kuelea kama mashua pale Dunga, shoki zimechoka. Na kama ni ka-ka-ka unapokata kona kali huku unaondoka, hiyo si saspensheni, ni jointi ya ekseli, na mambo yake ni mengine.

Kisha pima kwa macho. Egesha mahali sawa, chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Linganisha kushoto na kulia. Tofauti ya sentimita mbili inasema kuna springi iliyolala au iliyokatika. Springi hukatika kwenye mzunguko wa chini kabisa, palipo na matope, na kipande kinaweza kubaki pale kimejificha kwa miezi. Papasa tairi kwa kiganja pia. Ukihisi mabonde na vilima kuzunguka tairi, shoki imekuwa ikiliacha lirukeruke barabarani. Tairi lililoliwa ukingo wa ndani tu linakuelekeza kwenye alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, au bushi.

Bonyeza kona ya gari kwa uzito wako wote, uachie. Inatakiwa ipande, ishuke kidogo, itulie. Ikicheza mara mbili au tatu, shoki imekufa. Ila kipimo hiki kina udanganyifu: shoki iliyochoka nusu hukifaulu, halafu ikakuangusha ukiwa na mwendo wa kilomita 80 mteremko wa Kericho. Kwa hiyo chungulia pia mwili wake. Unyevunyevu mdogo wenye vumbi karibu na sili, raba inayozuia mafuta yasitoke, si ajabu. Mafuta yaliyotiririka hadi chini ni hukumu.

Sasa inua gurudumu moja. Shika tairi juu na chini, kama mkono wa saa saa sita kamili, usukume na kuvuta. Likicheza, ama ni beringi ya habu ama boljointi. Mwambie mtu akanyage breki huku ukiendelea. Mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni boljointi. Shika tena kushoto na kulia: mchezo hapo ni wa tairodi au raki (boksi la usukani). Kisha ingiza mtalimbo chini ya tairi, uliinue polepole huku mwenzako akitazama boljointi. Mkono na nako vikiachana hata kwa milimita moja kabla ya gurudumu kupanda, gari hilo lisiende popote. Boljointi ikichomoka barabarani gurudumu hulala ubavuni, na umewahi kuyaona magari hayo yamepiga magoti kando ya barabara.

Jeki, mawe na udongo mweusi

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na usiingie chini ya gari lililokalia mawe ya ujenzi. Jiwe la simenti hupasuka bila kutoa ilani. Nunua stendi mbili za chuma au kodisha kwa fundi wa jirani.

Ardhi yenyewe ni tatizo jingine. Ukiwa Ahero au popote kwenye uwanda wa Kano, udongo mweusi humeza jeki taratibu kama mtu anayesinzia. Weka ubao mnene, angalau mpana kama sinia, chini ya jeki na chini ya kila stendi. Kinga magurudumu ya nyuma kwa mawe, mbele na nyuma, na ukumbuke kuwa hendibreki ya gari la miaka ishirini na kitu ni ahadi tu. Jeki iweke kwenye ukingo wa chini ya mlango, kati ya zile alama mbili za mkato. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya gari. Kila kitu kikishindikana, gari litaangukia tairi, sio wewe.

Vifaa: soketi za 14, 17, 19 na 21, spana za saizi hizohizo, ufunguo wa pembe sita, nyundo ya kilo moja hivi, bomba la chuma la nusu mita la kuongezea nguvu kwenye mpini, brashi ya waya, na mafuta ya kulegeza kutu. Hayo mafuta yamwage jana yake jioni. Fundi akikwambia ni kupoteza muda, muulize amekata bolti ngapi mwaka huu.

Linki

Hii ni kazi ya nusu saa. Inua magurudumu yote mawili ya mbele. Ukiinua moja tu, stablaiza hujipinda na linki haitoki kwa hiari. Safisha nyuzi kwa brashi ya waya, shika msumari wa linki katikati kwa ufunguo wa pembe sita ili usizunguke, fungua nati kwa spana. Kitundu cha ufunguo kikiliwa, kata nati kwa msumeno, maana linki unaitupa hata hivyo. Funga mpya, zote mbili kwa siku moja.

Kama bado una shaka iwapo linki ndiyo yenye kelele, toa zote mbili, zifungie kwenye buti, kisha zunguka mtaani polepole. Gari litalala zaidi kwenye kona, lakini kelele ikipotea umepata jibu bila kununua kitu.

Boljointi na tairodi

Kwenye 110 boljointi haijapigiliwa ndani ya mkono, imefungwa kwa bolti moja na nati mbili. Hilo ni jambo la kushukuru, maana huhitaji kubadilisha mkono mzima.

Chomoa pini ya usalama, legeza nati yenye meno kama taji, lakini iache imeshika nyuzi mbili tatu. Sasa usipige msumari wa boljointi. Piga ubavu wa nako, pale ulipoingia msumari, mapigo mawili matatu ya uhakika. Chuma hujinyoosha kidogo, koni hujiachia, na ile nati uliyoiacha huzuia vitu visikurukie. Tairodi hutoka kwa mbinu hiyohiyo. Ule uma wa kupigilia kwa nyundo unafaa pale tu spea ya zamani inatupwa, kwa sababu hupasua raba.

Kabla ya kufungua tairodi kwenye uzi wake, hesabu mizunguko au piga alama ya rangi, ili mpya ikae karibu palepale. Ukifunga nati ya taji na tundu la pini lisilingane, kaza zaidi kidogo hadi lilingane. Usirudishe nyuma hata robo. Na pini ya zamani usiitumie tena, hata ikionekana nzima.

Ukinunua, ishike boljointi mkononi na uizungushe. Mpya nzuri ni nzito kuzungusha, lakini laini, haina mahali pa kukwama. Ikicheza kama kichwa cha mwanasesere, irudishe. Majina kama 555 yanaheshimika, na ndiyo maana yanaigwa sana. Tazama kama namba imechongwa kwenye chuma chenyewe au imechapishwa kwenye boksi tu. Mimi huwa namwomba mwenye duka aniandikie risiti yenye maneno "inarudishwa". Akikataa, amenijibu.

Shoki

Badilisha mbili za mbele pamoja, au mbili za nyuma pamoja. Shoki mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili hulifanya gari livute na kuyumba kwenye breki ya ghafla.

Kuhusu zile za mitumba kutoka Japani: mimi hununua, lakini baada ya kuzipima. Isimamishe wima, bonyeza fimbo hadi chini, vuta juu. Ugumu uwe uleule mwanzo hadi mwisho. Ukikuta mahali fimbo inapoanguka bure, iache. Ya gesi inatakiwa ipande yenyewe ukiiachia. Fimbo iwe inang'aa, isiwe na alama za kutu, maana kutu ndiyo inayokata sili. Mpya za KYB, wenyewe tunaziita Kayaba, za aina ya Excel-G, ni za gesi na zimekusudiwa kurudisha gari kwenye hali yake ya kiwandani. Kwa matumizi ya kawaida sioni haja ya kutafuta ngumu zaidi.

1. Gari likiwa chini, legeza nati za gurudumu robo mzunguko. Inua, weka stendi, toa gurudumu.

2. Ondoa paipu ya breki iliyoshikwa kwenye shoki kwa bolti au klipu. Isivutike, na kitu kisining'inie juu yake. Toa na linki kama imeshikwa kwenye shoki.

3. Chora mstari kwa msumari kuzunguka mahali shoki inapokutana na nako. Matundu ya bolti yana nafasi kidogo, na nafasi hiyo ndogo hubadilisha ulalo wa tairi. Huo mstari utakusaidia kurudisha kila kitu mahali pake.

4. Tegemeza mkono wa chini kwa jeki ya pili au gogo. Shika kichwa cha bolti kwa spana, zungusha nati kwa soketi na lile bomba. Zimekazwa zaidi ya mara mbili ya nati za gurudumu, kwa hiyo usishangae zikikutukana.

5. Funga nako kwa waya kwenye mwili wa gari kabla ya kuchomoa bolti ya mwisho. Ikilalia nje, ekseli inaweza kuchomoka kwenye jointi yake ya ndani, na hapo umejiongezea siku nzima.

6. Fungua nati mbili kati ya zile tatu za mauntingi, ya tatu ifungue huku mkono mwingine umeishika nguzo nzima. Ni nzito kuliko unavyodhani.

Hiyo nati kubwa ya katikati, ile iliyo juu ya mauntingi, hujaigusa. Usiiguse. Hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa kwa nguvu inayotosha kuinua kona ya gari. Ukiifungua bila kibano cha springi, springi itaruka na haitachagua pa kupiga. Binafsi hapa ndipo ninapoacha ubishi. Ninazibeba nguzo zangu mbili kwenye bodaboda hadi kwa fundi mwenye kibano kizima cha springi, si kile cha kuazima chenye nyuzi zilizoliwa, anazibadilishia mbele yangu kwa pesa kidogo, nami narudi. Ukiwa na kibano chako, kiweke pande mbili zinazotazamana, kaza kila upande mizunguko michache kwa zamu, na uso wako usiwe juu ya nguzo hata kwa sekunde moja.

Kabla ya kuikusanya, isimamishe shoki mpya wima na uipige pampu mara tano sita hadi chini na juu. Imelala dukani miezi mingi, na hewa imeingia mahali pa mafuta. Hakikisha ncha ya springi imekaa kwenye kikato chake, juu na chini. Na tafadhali usirudishe raba ya kikomo iliyovunjikavunjika wala kifuniko cha vumbi kilichochanika. Vumbi jekundu la murami ni kama msasa. Likigandia fimbo yenye mafuta, sili inaliwa kila gari linapodunda, na shoki yako nzuri itavuja kabla hujamaliza kuisifu. Wakati nguzo imefunguliwa, badilisha na mauntingi kama beringi yake inakwaruza.

Kurudisha ni safari ileile kinyumenyume. Bolti mbili za nako zikaze ukiwa umeulinganisha mstari wako.

Nyuma ya 110 nayo ina nguzo kama za mbele, na kazi ni ileile isipokuwa nati za juu zimejificha ndani ya gari, nyuma ya kiti. Toa kiti kwa utaratibu, utakuta sarafu zako zote zilizopotea.

Bushi, na kosa langu la pili

Bushi ya mkono ni mrija wa chuma ndani, raba katikati, mrija wa chuma nje, vyote vimegandamana. Haizunguki. Mkono ukipanda na kushuka, raba ndiyo inayojisokota. Laiti ningalielewa sentensi hiyo mapema.

Nilizibadilisha zote nne. Fundi mwenye presi ya haidroliki alizitoa na kuziingiza mpya, nami nikaifunga mikono ya chini nyumbani gurudumu likining'inia, nikakaza bolti hadi mshipa ukasimama shingoni. Nikashusha gari. Miezi mitatu baadaye raba zilikuwa zimepasuka kama midomo ya Januari. Nikamlaani aliyeniuzia. Kumbe kosa lilikuwa langu. Nilikaza mkono ukiwa umeshuka kabisa, hivyo gari lilipokaa chini raba ilikuwa tayari imesokotwa hadi mwisho, na kila shimo likaisokota zaidi.

Kwa hiyo: ingiza bolti za bushi, zikaze kwa mkono tu. Rudisha gurudumu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma hatua mbili ili litulie. Ndipo ukaze, gari likiwa limekalia magurudumu yake. Kama huwezi kufika chini yake, liendeshe juu ya mbao pana mbili zinazolingana, au inua mkono kwa jeki hadi gari lianze kuondoka kwenye stendi, ukaze hapo. Kanuni hii inahusu kila bushi ya raba iliyoganda kwenye chuma, mbele na nyuma.

Bushi zilizochongwa kutoka tairi kuukuu utazikuta jua kali popote. Zinaweza kukufikisha nyumbani. Zile za plastiki ngumu za rangi rangi hudumu na husimamisha usukani vizuri, ila kila kokoto utaisikia kitini, na zisipopakwa grisi yake hulia kama mlango wa zizi. Kwa barabara zetu mimi ni mtu wa raba.

Kuinua gari

Kila mtu anayetoka Kisumu kwenda kwa wakwe Desemba hufikiria jambo hili, hasa baada ya kuacha sehemu ya ekzosti kwenye jiwe. Zipo njia kadhaa, na hazina heshima sawa.

Njia maarufu ni spesa, bamba la aluminiamu au raba ngumu linalowekwa kati ya mauntingi na mwili wa gari. Spesa ya milimita 25 huinua mbele kwa takriban kiasi hichohicho. Mimi sivuki hapo. Ukizidi, ekseli zinafanya kazi zimepinda na jointi zake zinakwisha, boljointi inaegemea ukingoni, paipu ya breki inavutwa gurudumu likishuka, na gari linakuwa refu na jepesi kuyumba. Hakikisha bolti za spesa ni ndefu vya kutosha, nati imeshika nyuzi zote na ncha imejitokeza juu yake. Taa za mbele zitaelekea juu, kwa hiyo zishushe, usije ukawapofusha wanaokuja. Na usiweke spesa juu ya bushi zilizokufa. Utakuwa umeinua kelele tu.

Zile raba za duara zinazosokomezwa katikati ya mizunguko ya springi sizipendi. Zinazuia mzunguko mmoja wa springi usifanye kazi, iliyobaki inabeba mzigo wote, na mara nyingi hukatikia hapohapo.

Njia ninayoipenda haizungumzwi sana: tairi lenye ubavu mrefu kidogo. Kama gari lako linavaa 175/65R14, ukiweka 175/70R14 unapata karibu milimita 9 za ziada chini ya injini, pamoja na ubavu mnene wa kupokea mashimo. Spidomita itadanganya kwa asilimia 3, ikisoma 100 unakwenda 103. Jaribu kwanza gurudumu moja, kata usukani hadi mwisho pande zote uone kama linagusa.

Kama shida ni mzigo, magunia ya mahindi kutoka Kitale kila wiki, tafuta springi nzito za nyuma zilizotengenezwa kwa gari hilo. Spesa haiongezi nguvu ya kubeba hata kilo moja.

Kabla ya kuingia barabarani

Nati za gurudumu kwenye Toyota hizi hukazwa kwa Nm 103 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kama huna spana ya kipimo, chukua spana yenye mpini wa sentimita 30 na ubonyeze ncha yake kwa uzito wa kilo 35 hivi. Hiyo ni mikono na mabega, si kusimama juu yake kwa miguu miwili kama wafanyavyo wale vijana wa pancha. Kaza kwa msalaba, si kwa kuzunguka.

Kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuondoka. Zungusha usukani hadi mwisho pande zote, utazame paipu za breki hazigusi tairi. Kisha nenda polepole hadi kwenye mashine ya alaimenti. Chochote ulichofungua kati ya hivi, ukiacha linki, kimeyumbisha mwelekeo wa magurudumu, na tairi mpya zinaweza kuliwa upande mmoja ndani ya wiki chache. Kwa safari ya kufika huko tu, pima kwa futi umbali kati ya tairi mbili za mbele, upande wa mbele na upande wa nyuma, kwa urefu uleule kutoka chini. Vipimo viwili vikikaribiana ndani ya milimita mbili tatu, utafika.

Baada ya wiki moja, au kilomita 50 za murami, rudi na spana upitie kila nati uliyoigusa. Nilipopitia zangu mara ya mwisho, zote zilikuwa imara isipokuwa moja ya linki, upande uleule wa kushoto.